Pua Yangu Imerudi

9 Februari

Mdogo wangu Matroni,

Salamu kutoka nyumba hii yenye kelele. Sisi ni wazima, isipokuwa magoti ya Mama, ambayo tangu mwezi uliopita yana maoni yao kuhusu kila ngazi. Wifi yako hajambo, bado anashona mapazia ya ofisi za watu huku dirisha la sebule yetu limefunikwa shuka. Binti yetu anakusalimu wewe shangazi yake na anauliza kama wale wasichana wako sitini na wawili bado wanakuogopa. Nimemwambia hata mimi nakuogopa.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Kwanza huko shuleni kwenu mtandao unapatikana mtu akipanda juu ya tangi la maji. Pili, sikio langu la kulia lilikwenda na mionzi, na la kushoto likiwekewa simu linasikia nyuki tu. Kwa hiyo vumilia mwandiko.

Sasa kaa chini. Pua yangu imerudi!

Unakumbuka tulivyoambiwa tuisahau. Miaka sita imepita tangu tumalize zile siku thelathini na tatu za mionzi, na katika miaka hiyo yote sijanusa kitu. Chakula nilikuwa natafuna tu ili nisife. Mimi, fundi lifti niliyejulikana kwa pua! Ulikuwa ukiniita, naingia chumba cha mashine, navuta hewa mara moja, nakuambia breki inasugua au waya unapata moto kabla sijafungua hata skrubu moja. Ule uvimbe wa nyuma ya pua ulipotoka, na kazi ile nayo ikatoka, nikabaki fundi wa kusoma mita kama wengine.

Basi Jumatatu nilikuwa juu ya paa, kwenye chumba cha mashine cha lile jengo la ghorofa kumi na mbili, nikaipata. Mpira unaoungua. Wazi kabisa! Nikazima swichi kuu, nikakagua waya mmoja mmoja, sikuona kitu. Sikujali. Nilikaa juu ya ndoo nikalia. Mlinzi wa jengo akaja mbio akidhani nimefiwa. "Pole fundi, ni nani?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, kuna aliyefufuka.

Nyumbani Mama alinikumbatia hadi kofia ikadondoka. Wifi yako akanipeleka jikoni kuninusisha kila chupa. Hizo bado sijazipata, lakini naamini zinakuja.

Wewe ndiwe uliyekaa kwenye kile kiti nje ya mlango siku zote thelathini na tatu, mimi ndani nimelazwa, kinyago cha plastiki kimebanwa usoni na kufungwa kitandani, siwezi hata kumeza mate. Kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza kuandikiwa. Furahi nami.

Kaka yako,
Fundi


27 Machi

Kaka Fundi, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa. Bweni liliingiliwa na chawa, na kwa wiki mbili sikuwa matroni, nilikuwa kinyozi. Vichwa sitini na viwili, na kila mwenye kichwa analia kama nimemkata sikio. Mashuka yote yamechemshwa. Mkuu wa shule alikuja kukagua akiwa amefunga kitambaa kichwani kama mtu anayevuka vita. Mimi ni mzima, mgongo tu.

Mama mwambie asipande ngazi, yaani asipande kabisa. Wifi mpe salamu, na binti mwambie wasichana wananiogopa kuliko zamani, maana sasa nina mkasi.

Hongera kwa pua. Nimefurahi sana.

Nina maswali, nauliza kwa kutaka kujua tu. Je, ni harufu hiyo moja au zimekuja nyingine? Sabuni unainusa? Inakaa muda gani? Na wakati inakuja, mwili unajisikiaje? Kichwa hakikuumi? Usingizi je?

Ungempitia yule daktari wetu ukampa habari hizi. Atafurahi kuzisikia. Si lazima usubiri siku ya miadi. Ungekwenda wiki hii hii ningefurahi zaidi.

Barua hii nimeianza mara nne. Ni mambo ya chawa.

Mdogo wako


21 Aprili

Matroni wangu,

Sisi hatujambo. Wifi yako amepata kazi ya mapazia ya ukumbi mzima, nyumba imejaa kitambaa chekundu, tunapishana kama tuko nyuma ya jukwaa. Mama ameacha ngazi, sasa anaamrisha watu kutoka chini. Binti kafaulu mtihani wa udereva, Mungu awalinde watembea kwa miguu.

Maswali yako yalinichekesha, nikaona kama niko mbele ya askari. Haya, naandika maelezo. Harufu ni moja tu, ile ya mpira, na nyuma yake kuna kitu kitamu kidogo. Sabuni bado. Inakuja ghafla, inakaa dakika moja au mbili, inaondoka. Inapokuja tumbo linapanda juu kama lifti imeshuka ghafla, na naona kila kilichopo mbele yangu nimeshawahi kukiona vilevile, mlinzi amesimama vilevile, anasema maneno yaleyale. Ni jambo la ajabu, lakini pua iliyolala miaka sita lazima iamke na vituko vyake.

Daktari sina haja naye. Nikienda pale nitakaa benchi asubuhi nzima ili niambiwe nimepona, jambo ninalolijua.

Nikuchekeshe. Wiki iliyopita fundi lifti amenaswa kwenye lifti! Nilikuwa ndani peke yangu, naipandisha kuijaribu, harufu ikaja, nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Lifti ikasimama kati ya ghorofa ya saba na ya nane. Basi swichi ikakwama. Saa mbili na nusu nimekaa chini kama mzigo, watu wa kliniki ya meno ghorofa ya tisa wanagonga mlango na kuniuliza fundi ataitwa nani, nami najibu fundi ndiye mimi. Mlinzi kacheka mpaka akashika mbavu. Swichi zile ni kuukuu, nitazibadilisha.

Kichwa kinauma kidogo asubuhi. Ni miwani.

Mwezi wa sita kuna ukaguzi wa mwaka. Nitasaini kadi za usalama za lifti zote tatu kama kawaida, kwa miaka ishirini na miwili sasa. Meneja anasema hakuna saini nyingine anayoiamini.

Kaka yako,
Fundi


14 Mei

Mdogo wangu Matroni,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, isipokuwa magoti ya Mama. Wifi yako hajambo, anashona. Nashangaa hujaniandikia tangu mwaka uanze, au shule imewapokonya kalamu?

Kaa chini nikupe habari. Pua yangu imerudi! Nilikuwa chumba cha mashine nikaipata harufu ya mpira unaoungua, wazi kabisa. Nimelia kwa furaha. Wewe ndiye wa kwanza kuandikiwa, maana wewe ndiwe uliyekaa nje ya ule mlango.

Kuna jingine, hili usimsomee mtu. Nilinaswa kwenye lifti siku moja, kati ya ghorofa ya saba na ya nane. Wote wanajua swichi ilikwama. Haikukwama. Nilisimama mbele ya vile vitufe, mdogo wangu, na sikujua ni vya nini. Niliviona. Niliona namba. Lakini nilivitazama kama mtu anayetazama maandishi ya watu wengine. Nje watu wanaongea, wananiita fundi, nami nasema moyoni fundi ni nani. Baadaye kidole chenyewe kikaenda, lifti ikashuka, nikatoka nikicheka ili na wao wacheke.

Naogopa. Nimeandika sasa, basi.

Kaka yako,
Fundi


25 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nawasalimu wote. Leo sina habari za bweni.

Barua yako ya tarehe kumi na nne imefika. Uliniambia tena habari za pua kana kwamba ni mpya, na uliniuliza kwa nini sijakuandikia. Nilikuandikia mwezi wa tatu, ukanijibu mwezi wa nne. Hukumbuki. Tafadhali usinikasirikie kwa hilo, maana nitakupa la kunikasirikia sasa hivi.

Siku moja kabla ya kuanza mionzi, wewe ulikuwa ndani unatengenezewa kile kinyago. Daktari akanitoa nje hadi ukumbini. Akaniambia mionzi itauua uvimbe, lakini itapita karibu na ubongo, na kwa watu wachache, baada ya miaka, sehemu ile ya ubongo iliyopitiwa huharibika. Akasema mgonjwa ana haki ya kujua kabla ya kukubali. Akanipa karatasi. Akasema, "Mweleze kwa lugha yenu, kisha mrudi na jibu."

Usiku wa kuamkia siku ile ulikuwa umesema kitandani, mbele yangu na Mama: wakitaka mkono wachukue, wakitaka mguu wachukue, wakigusa kichwa narudi nyumbani nikafe nikiwa na akili zangu. Nilikujua. Ungerudi. Ungekufa mwaka uleule, na binti alikuwa na miaka kumi na miwili.

Nikarudi kwa daktari nikamwambia nimekueleza, umekubali. Wewe nikakuambia amesema utapona. Ukasaini.

Karatasi ile nimeiweka sandukuni miaka sita. Nimeiambatisha. Mstari wa kwanza umeandikwa: kunusa harufu isiyokuwepo, hasa ya kitu kinachoungua. Wa pili: kuona jambo jipya kama limeshatokea. Wa tatu: kusahau. Uliponiandikia mwezi wa pili nilijua, Kaka. Nilijua kabla sijamaliza ukurasa. Nikakaa na barua yako wiki sita, kisha nikakuandikia hongera. Sina neno la kuitetea hongera ile. Niliona nikikuambia moja itabidi nikuambie yote, nikaogopa kwa ajili yangu mwenyewe.

Pua yako haijarudi. Hakuna mpira unaoungua. Ni ubongo.

Nakuomba mambo mawili. Usisaini kadi hata moja, kuna watu wanapanda lifti zile na watoto wao. Na mpe wifi karatasi hii leo, akupeleke hospitali kesho. Imeandikwa pale chini kwamba dawa zipo, na kwamba ukiwahi ni bora. Nimeomba ruhusa nije, mkuu wa shule amekataa mpaka muhula uishe, anasema hana wa kumwachia wasichana.

Mdogo wako


8 Juni

Wifi yako amenisomea karatasi yako mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia aache.

Kadi sikusaini. Nimempa meneja funguo za chumba cha mashine, akadhani nataka kuongezwa mshahara. Jumatano tunakwenda hospitali. Hayo uliyoyaomba yametimia, sasa nisikilize.

Kichwa ni changu. Si chako, si cha Mama, si cha daktari. Uliamua kwa niaba yangu kama unavyoamua taa za bweni zizimwe saa ngapi. Labda ningeondoka kweli. Labda ningekaa usiku mmoja nikafikiri, nikamwangalia binti, nikasaini kwa mkono wangu nikijua ninachosaini. Hutajua, nami sitajua. Umenipa miaka sita, nakubali, na kila siku ya miaka hiyo ulikuwa unanitazama kama mtu anayetazama maziwa motoni, mimi nikidhani ni upendo.

Na ile hongera. Tangu mwezi wa pili ulijua! Mama amewaambia majirani wote kwamba pua ya mwanawe imerudi.

Usiniandikie tena.


19 Agosti

Matroni wangu, mdogo wangu,

Umepotelea wapi? Au chawa wamekubeba? Sisi tupo. Mama anakusalimu, amepata fimbo ya kutembelea na anaitumia zaidi kuonyeshea watu makosa yao. Binti anaendesha gari la kupelekea watu mapazia ya mama yake, bado hajagonga kitu.

Mimi nimeumwa. Sijui kama umesikia. Wamenipiga picha ya ubongo, na daktari, huyu ni mpya na ni kijana, ameniwekea picha kwenye taa na kunionyesha kwa kalamu. Kuna sehemu ubavuni, juu kidogo ya pale walipopiga mionzi, imekufa. Pembeni yake pamevimba. Ile harufu niliyokuwa nainusa ni kifafa kidogo kisichomwangusha mtu. Nilicheka, nikamwambia na mimi nilidhani ni pua! Ananipa dawa za kupunguza uvimbe, zimeninenepesha uso, wifi yako anasema nimekuwa kama tajiri. Kichwa hakiumi tena. Harufu haijaja tangu wiki ya pili ya dawa. Daktari anasema kilichokufa hakirudi, na kwamba tungekuja mwezi wa pili kingekuwa kidogo kuliko hiki.

Kazini siendi. Nyumbani mlango unafungwa kwa ufunguo, kwa sababu siku moja walinikuta kule kwenye jengo nimesimama nabonyeza kitufe cha lifti, na sikujua nimefikaje. Basi naketi. Nasikia watu barabarani, nasikia wifi yako na cherehani yake chumba cha pili, na niko katikati, kama ile lifti iliyosimama kati ya ghorofa na ghorofa. Hakuna wa kumpigia kelele. Kila mtu ananifanyia wema.

Ukuta wa chumba changu umejaa karatasi. Daktari alisema jambo lolote la muhimu liandikwe na libandikwe pale nitakapoliona nikiamka. Kuna karatasi ya dawa, ya siku za wiki, ya jina la ugonjwa. Kuna moja inasema "Hufanyi kazi tena, usivae viatu vya kazi." Hiyo nimeiandika mwenyewe na kila asubuhi inanipiga kama habari mpya.

Sasa nikuambie jambo litakalokufurahisha. Daktari aliniuliza kama mwanzoni kabisa tulielezwa kwamba hili laweza kutokea. Alikuwa anaandika kwenye faili. Nikamwambia hapana, hatukuelezwa hata neno. Akasema, "Una hakika, mzee? Kwa kawaida huwa tunaeleza." Nikamjia juu! Nikamwambia dada yangu alikuwepo kila siku, alikaa nje ya mlango siku thelathini na tatu, na dada yangu hajawahi kunificha kitu tangu tuzaliwe. Kama tungeambiwa, angeniambia. Akainamisha kichwa akaandika. Nimekutetea vizuri.

Wifi yako nilipomsomea hapa aliinuka, akaenda kuchota maji wakati ndoo imejaa. Amechoka, maskini.

Niandikie. Barua zako nazihitaji sasa kuliko dawa.

Kaka yako,
Fundi


2 Septemba

Kaka, shikamoo.

Salamu kwa Mama na fimbo yake, kwa wifi, na kwa dereva wetu. Mimi ni mzima. Muhula umebaki wiki tatu.

Barua yako niliisoma nikiwa nakagua vitanda. Nilipofika pale uliponitetea kwa daktari nilikaa juu ya godoro la mtoto wa watu, na vitanda vilivyobaki havikukaguliwa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika bweni hili.

Ningeweza kunyamaza. Nataka ulijue hilo kwanza. Wifi amenyamaza kwa huruma, na bila shaka ameificha barua yangu ya mwezi wa tano pamoja na karatasi ile. Mama hakuambiwa. Daktari ameshaandika ulivyomwambia. Ninayo barua yako moja tu inayosema vingine, ya tarehe nane Juni, na nikiichoma jambo lenyewe limekwisha. Nimekaa na wazo hilo siku nne. Siku mbili za kwanza, Kaka, nilifurahi. Nililala usingizi ambao sijalala kwa miaka sita.

Siku ya tatu nilisoma tena pale ulipoandika kwamba kila mtu anakufanyia wema.

Tuliambiwa. Niliambiwa mimi, ukumbini, nikapewa na karatasi, nikaagizwa nikueleze. Sikukueleza, kwa sababu ulikuwa umesema wakigusa kichwa utarudi nyumbani ukafe. Nikadanganya pande zote mbili, ukasaini usichokijua. Mwezi wa pili uliponiandikia kuhusu harufu nilijua maana yake, nikakupa hongera, na muda ule niliounyamazia ndio huo daktari wako anaousema. Haya yote nilikuandikia mwezi wa tano. Ulikasirika, ukaniambia nisikuandikie tena, nami nikatii. Hasira ile ilikuwa haki yako. Ugonjwa umekuibia, na mimi siwezi kukaa hapa nimeishika mkononi nikajifanya kusahau kwako ni msamaha.

Mwambie daktari arekebishe faili. Aandike: ndugu wa mgonjwa alielezwa, mgonjwa hakuelezwa.

Na barua hii mpe wifi aibandike ukutani, juu ya ile ya dawa. Uisome ukiamka. Ukikasirika, kasirika. Kesho ukiwa umesahau, isome tena na ukasirike tena, kila asubuhi ukitaka. Nitafika tarehe ishirini na tano. Ukinifukuza mlangoni nitakaa kwa jirani. Ukinikumbatia nitajua kwamba siku hiyo hujaisoma, na kabla sijavua viatu nitakukalisha nikusomee mwenyewe.

Mdogo wako